Mikarafuu Kumi na Moja ya Mzee Kombo

Mwalim Soud hakukubali ramani ya lugha moja. Kila jina lililotiwa kwenye karatasi lilikuwa liandikwe mara mbili, Kiswahili kwa wino mweusi na Kiingereza chini yake kwa wino mwekundu. Mwanafunzi aliyesahau hata kijito kimoja aliitwa mbele, akapandishwa juu ya kiti, akaulizwa kwa sauti ya upole kama kwao maji yana jina au watu huyaita kwa mluzi. Darasa zima lilicheka. Ilibidi licheke, kwa sababu asiyecheka alipandishwa kitini yeye.

Mwalim huyo alikuwa mtu wa Mkoani, mtoto wa mchukuzi wa bandarini. Alisomea ualimu Unguja, akarudi Pemba na suruali mbili nyeupe na kumbukumbu ya kila mzaha aliofanyiwa huko kwa ajili ya lafudhi yake. Sasa alifundisha historia na jiografia katika skuli ya sekondari mjini Wete. Mwaka ule wa sitini na moja, miezi michache baada ya uchaguzi wa Juni, aliwapa vijana wa kidato cha pili kazi ya muhula. Kila mmoja achore ramani ya pahala alipolelewa, apime kwa kamba na kwa hatua, aonyeshe nyumba, njia, visima na mazao. Halafu pembeni aandike historia ya pahala hapo, kama alivyoipata kwa mtu mzima mmoja atakayetajwa kwa jina lake. Kazi bora itapelekwa Unguja kwenye maonyesho baada ya Idi, na mwenyewe atapewa nafasi ya kuendelea na masomo huko.

Mjaka aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiomba katika kila sala, na mara nyingine anasahau kuomba chochote kingine.

Siku za skuli alikaa Jadida kwa shangazi yake, Bi Mize. Wiki ikimalizika alikwenda kwa miguu mpaka Vitongwe, kwenye shamba la Bwana Nassor bin Zahran, kwa bibi yake mzaa mama, Bi Mwatima. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na ukumbi, na mlango wa mbao ambao marehemu babu, Mzee Kombo, aliutengeneza mwenyewe.

Nyumba ilikuwa yao, lakini ardhi haikuwa yao. Bi Mwatima alikuwa mkaazi wa shamba. Mkaazi hupewa pahala pa kujenga na pa kulima muhogo na ndizi, naye hupalilia chini ya mikarafuu ya mwenye shamba na kumchumia msimu ukifika. Hakuna karatasi wala hati, ni maneno tu ya mzee na mzee mwenzake. Kitu kimoja mkaazi haruhusiwi, nacho ni mti wa kudumu. Muhogo hung'olewa ukaisha, lakini anayepanda mkarafuu amepanda na dai la kwamba yeye ni mwenye pahala hapo. Kwa kosa hilo mtu huondoshwa, wala hakuna atakayesema ameonewa.

Na Mzee Kombo alipanda. Alipanda mikarafuu kumi na moja, mmoja mmoja, kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, pembeni mwa safu za Bwana Zahran, baba yake Bwana Nassor. Kila mtu Vitongwe alijua. Bwana Zahran mwenyewe alijua, na akipita hapo na bakora yake alikuwa na desturi ya kuangalia upande wa pili. Mtu akimuuliza Mzee Kombo, jawabu lilikuwa moja, kwamba tunda limeanguka na mche umejiotea. Aliyeuliza aliitikia kwa kichwa. Karafuu za miti hiyo Bi Mwatima alizichuma mwenyewe, akazianika kwenye jamvi lake, na watu waliopita waliyatazama makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, wakamwamkia. Mambo yalikwenda hivyo miaka arubaini kwa sababu hakuna aliyeyatamka.

Lakini Bwana Zahran alikufa, na uchaguzi ukaja. Siku ya kupiga kura Bwana Nassor alileta lori kuwachukua wakaazi wake wote, wanaume kwa wanawake, mpaka kituoni. Bi Mwatima na mwanawe Jecha hawakupanda. Walikwenda kwa miguu. Lori likawapita njiani, likawatia vumbi, na kila aliyekuwa ndani akawaona. Siku hizo hata maiti ilikuwa ikizikwa na watu wa chama chake tu, na mtu kwenda kwa miguu yake siku ile kulikuwa sawa na kupiga kelele kwamba kura yake ni ya chama kingine. Kabla ya mwezi kwisha familia mbili zilikuwa zimeshaondoshwa Vitongwe.

"Na sisi anatutafutia sababu," Jecha alimwambia mama yake. "Usimpe."

"Sina cha kumpa," alisema Bi Mwatima. "Mie ni nzee, hata meno sina."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Mjaka alipokuja na kamba yake yenye mafundo.

Siku mbili alipima. Bi Mwatima alikaa mlangoni akisuka ukili, akamtazama mjukuu wake anavyohesabu hatua kutoka kisimani hadi chooni, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mume wangu kawa npima ardhi! Ntu kanisomea miaka yote hiyo, leo kaja kunihesabia hatua za kwendea haja!"

"Bibi, usinicheke, nitasahau hesabu."

"Ukisahau nenda tena. Haja haina haraka kwa ntu asiyekula."

Mjaka alichora nyumba, kisima kizima na kisima kikavu, njia ya kwendea barabarani, safu za mikarafuu. Ile kumi na moja aliitia kama mingine yote, nukta ndogo za kijani. Pembeni aliandika historia kwa mistari minne. Aliipeleka kwa Mwalim Soud akijua ni safi.

Mwalim aliinyanyua ili darasa zima lione. "Hii nini? Ramani au jamvi? Naona nukta, nukta, nukta. Zilipandwa na nani? Mwaka gani? Au zilishuka na mvua?"

Kijana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye baba yake alikuwa na duka, alisema, "Wao wakaazi, Mwalim. Historia yao iko kwa mwenye shamba."

Darasa likacheka. Mwalim Soud hakucheka. Alimgeukia Mjaka akamwambia kwa upole, "Umesikia? Mtu anayekaa kwa watu hana historia. Ana siku za kula na siku za kulala. Nenda ukaniletee kitu cha kumfanya huyu awe mwongo. Kama huna, niambie sasa hivi nisipoteze nafasi ya Unguja kwa ajili yako."

Mjaka alisimamishwa juu ya kiti mpaka kengele ilipolia.

Wiki ile alipofika Vitongwe hakupima kitu. Alikaa chini mbele ya bibi yake na daftari, akamuuliza habari za ile miti kumi na moja.

Bi Mwatima aliendelea kusuka. Mwanzo alitaja kisima. Halafu, kwa vile tangu Mzee Kombo afe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo hilo, alianza kusema. Mti wa kwanza ulipandwa siku alipozaliwa Jecha, na chini yake pamezikwa kitovu chake. Wa pili ulikuwa wa mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina. Wa nne ni mwaka wa njaa, Mzee Kombo alipoapa kwamba wakivuka atapanda mti, wakavuka. Wa saba ni wa mama yake Mjaka. Alipoutaja wa saba aliweka ukili chini. Alieleza jinsi mzee alivyokuwa akimwagilia kwa kifuu cha nazi baada ya magharibi, na jinsi alivyokuwa akiusogezea majani makavu ili mche uonekane wa kujiotea. Aliitaja yote kumi na moja, kila mti na mwaka wake, miaka ya mavuno na miaka ya maradhi, na Mjaka akaigeuza miaka hiyo kuwa tarehe kichwani mwake.

"Niandike, bibi?"

"Tia moyoni. Usitie karatasini."

"Ni ya skuli tu. Hakuna anayesoma ila Mwalim."

"Mwalim ana macho mawili na mdomo mmoja. Hivyo vyanitosha kuviogopa."

"Bila ya hiyo sendi Unguja."

Bi Mwatima alimtazama. Alikuwa na uso mwembamba, na jicho moja limeanza kuingia ukungu. "Mie nataka wende, mume wangu," alisema. "Lakini nataka na pahala pa kulala. Andika visima. Visima havimuudhi ntu."

Mjaka aliandika visima mbele yake. Akamsomea, naye akaridhika, akampa muhogo wa kuchoma kwa njiani.

Asubuhi ya pili, Jadida, mezani kwa shangazi yake, aliandika miti. Hakujidanganya. Alijua anachokifanya, alijua bibi yake amekataa, na alijua kwa nini amekataa. Ila alijiambia kwamba Mwalim Soud si mtu wa Vitongwe, na karatasi itaondoka Pemba kabla haijamfikia mtu. Alizitia nambari nyekundu mahala pa zile nukta za kijani. Pembeni alipiga jedwali la safu nne: nambari ya mti, mwaka, aliyepanda, sababu. Kila safu kwa lugha mbili. Chini kabisa akaandika: Habari hizi zimetolewa na Bi Mwatima, mjane wa marehemu Kombo, wa Vitongwe.

Mwalim Soud aliisoma akiwa amesimama dirishani. Aliisoma mara mbili. Kidole chake kilipita juu ya nambari bila ya kuzigusa.

"Hii ndiyo," alisema. Mjaka alitoka darasani macho yamejaa machozi ya furaha.

Mwezi wa Novemba skuli iliwaita wazee wa mji kuangalia kazi za wanafunzi. Ramani zilitundikwa ukutani kwa misumari midogo. Mgeni aliyealikwa kutoa zawadi alikuwa Bwana Nassor bin Zahran, kwa kuwa alikuwa katika kamati ya skuli na hakukuwa na mtu wa heshima zaidi yake aliyekubali kuja. Mjaka alimwona akiingia na kanzu yake na kofia iliyodariziwa. Alitaka kwenda ukutani akaing'oe ramani. Lakini Mwalim Soud alikuwa amemsimamisha hapo hapo mbele yake, na mikono nyuma, kama askari.

Bwana Nassor alipita ramani moja moja, akisema maashallah. Alipofika hiyo alisimama, akatoa miwani mfukoni.

"Nani kachora hii?"

"Mimi, Bwana."

"Mtoto wa nani?"

"Mjukuu wa Bi Mwatima wa Vitongwe, Bwana."

"Aa, wa kwangu basi!" Aliwageukia wazee wenziwe. "Huyu wa shambani kwangu. Hata kile kisima kikavu kakitia, tazameni. Na hizi nambari nyekundu, mwanangu?"

"Ni miti, Bwana."

"Miti yote ni miti. Nisomee. Nisomee wa kwanza."

Mjaka alimtazama Mwalim. Mwalim aliitikia kwa kichwa, amejaa fahari. Mjaka akasoma, mwaka, aliyepanda, sababu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na Kiingereza chake," alisema Mwalim Soud.

Akasoma na Kiingereza. Wazee wakapiga makofi.

"Endelea," alisema Bwana Nassor. Akamfanya asome yote kumi na moja, kwa lugha zote mbili, huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza maulidi. Mwisho alimpiga Mjaka begani kwa upole. "Mzee wangu alikuwa mtu mpole. Kaniachia mengi nisiyoyajua. Ahsante, mwanangu, umenifungua macho." Zawadi ya kwanza, kalamu ya wino yenye kifuniko cha dhahabu, akampa yeye. Halafu akamwomba Mwalim amwazime ramani ile siku mbili tatu.

Watu walipoondoka Mjaka alimfuata Mwalim Soud hadi mlangoni.

"Mwalim, nakuomba, ramani isitoke."

"Kwa nini? Umetia uongo ndani?"

"Sikutia."

"Basi unaogopa nini?" Mwalim alimngojea ajibu. Alijua jawabu, na Mjaka aliona kwamba analijua. "Mimi baba yangu alibeba mizigo ya watu kama yule mpaka akapinda mgongo. Leo mmoja wao kanishika mkono mbele ya mji mzima kwa kazi ya darasa langu. Unataka nikamnyang'anye karatasi mkononi? Nenda nyumbani."

Notisi ya kuhama ilifika Vitongwe baada ya siku nne. Jecha alikwenda Jadida mbio, akamkuta Mjaka uani kwa shangazi yake, akamshika kwenye shingo ya shati.

"Kwandikani weye? Kwandikani? Ntu mzima kafunga mdomo miaka arubaini, weye kwa muhula mmoja!"

"Mjomba, ilikuwa ya skuli."

"Ya skuli! Bwana Nassor anaisoma barazani kama gazeti!"

Bado palikuwa na njia moja. Baada ya fujo za uchaguzi wa mwaka ule serikali haikupenda kuona watu wanaondoshwa ovyo mashambani, na Bwana Shauri, Mngereza aliyekuwa mkubwa wa wilaya, alikuwa akisikiliza mwenyewe mashauri ya namna hiyo. Jecha alipeleka malalamiko. Majirani walikuwa tayari kula yamini kwamba hawajamwona Mzee Kombo akipanda mti, hata wale waliopanda lori, kwa sababu na wao walikuwa na vijiti vyao vilivyojiotea. Kilichokuwa upande wa pili ni karatasi moja tu, na aliyeiandika alikuwa kijana wa miaka kumi na sita.

Siku ya shauri, mwezi wa Disemba, Mjaka aliitwa. Nje ya ofisi, chini ya kibaraza, mjomba wake alimvuta pembeni.

"Sema umetunga. Mwanafunzi katunga hadithi apate alama, nani atamfunga? Watacheka, kwisha. Mama atabaki kwake."

Kisha akaja Mwalim Soud, suruali nyeupe, akamvuta upande mwengine.

"Ukisema umetunga, utakuwa umenidanganya mimi na skuli nzima, na ripoti ya mwanafunzi mwongo nitaiandika kwa mkono wangu. Utarudi kulima muhogo. Ukisema kweli, baada ya Idi uko Unguja. Chagua wewe. Mimi sikulazimishi."

Ndani, Bi Mwatima alikuwa ameketi kwenye benchi, buibui limemfunika mpaka usoni, mikono magotini. Bwana Nassor alikuwa na kiti. Ramani ilitandazwa mezani, na Bwana Shauri alikuwa ameiwekea jiwe juu isipeperuke. Aliipenda. Alisema hajaona kazi nzuri kama hiyo ya mwanafunzi, na kwamba kijana mwenye Kiingereza hicho hahitaji mkalimani, bali ataweza kuwa mkalimani yeye. Karani wa ofisi, aliyekuwa atafsiri, aliambiwa akae.

Basi Mjaka akasimama kati ya meza na benchi, akawa mdomo wa bibi yake.

Bi Mwatima alisema, "Ilijiotea. Nkarafuu ukiangusha tunda na mvua ikanyesha, ntu afanyeje? Aung'oe? Kung'oa nti ni dhambi." Mjaka akatafsiri. Alitafsiri vizuri, hata ile dhambi akaitafutia neno lake. Bwana Shauri akaandika. Halafu akaweka kidole kwenye jedwali, akamwambia Mjaka amuulize bibi huyu kama ndiye aliyeyasema maneno haya yaliyoandikwa hapa.

Mjaka alimgeukia. Lugha yao ya nyumbani ilimkimbia, ikamjia ya darasani.

"Bi Mwatima, je, uliniambia wewe maneno haya?"

Yule mzee alilisogeza buibui akamtazama kwa jicho lake zima. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anayeshikilia mlango uwazi ili mwenziwe apite.

"Waniuliza mie?" alisema. "Weye ndiye ulieandika. Weye ndiye mwenye kujua kama nilisema ama umetunga. Waambie."

Jecha alikuwa mlangoni. Mwalim Soud alikuwa dirishani, anafuta miwani.

Mjaka alisema kwa Kiingereza kwamba ndiyo, bibi alimwambia yeye mwenyewe, maneno yote, mti baada ya mti. Angeweza kuishia hapo, kwa kuwa Kiingereza Bi Mwatima hakijui, na pengine angechelewa kuelewa mpaka wafike nje. Lakini kwa mazoea, au kwa hofu, alilisema tena kwa Kiswahili.

"Aliniambia yeye."

Bi Mwatima alilirudisha buibui usoni.

Hukumu haikuchukua muda. Bwana Shauri alisema anasikitika. Mkaazi amevunja sharti, na mbele ya ofisi amesema yasiyo kweli. Mikarafuu ni ya mwenye ardhi. Atapewa mpaka mwisho wa Januari ang'oe muhogo wake, na nyumba, kwa kuwa ni mali yake, anaweza kuichukua.

Mwezi ule wachumaji wa Bwana Nassor waliichuma ile miti kumi na moja, na Bi Mwatima akawa anang'oa muhogo chini yao. Mmoja wao aliimba. Nyumba ilibomolewa siku moja. Majirani walifunga milango yao, wengine kwa woga, wengine kwa haya. Ni Jecha na vijana wawili wa Wingwi, ukoo wa Bi Mwatima, waliokuja na gari la ng'ombe. Walishusha makuti, wakang'oa boriti, wakautoa ule mlango. Mjaka alikuja akashika mwisho wa boriti moja. Jecha aliitua boriti chini, akamtoa mikono yake, akaishika mwenyewe.

Bi Mwatima alikuwa ameshapandishwa juu ya gari, kati ya masufuria.

"Njoo," alimwita. Mjaka akaenda mbio. "Kutoka hapa mpaka Wingwi maili ngapi?"

"Bibi..."

"Si umesoma kupima? Maili ngapi?"

"Tisa, bibi. Kwa njia ya gari."

"Haya," alisema. "Vizuri kujua." Akamwashiria mwenye ng'ombe aende.

Alifariki katika Ramadhani, huko Wingwi, kwenye banda lisilokandikwa bado. Hakuna aliyepeleka habari Jadida. Mjaka aliambiwa na muuza samaki, siku ya pili ya msiba, kwa vile yule mtu alidhani anajua na akataka kumpa pole. Alipitia Vitongwe, akaenda maili zote tisa kwa miguu, na saumu. Alikuta kaburi limeshafunikwa, na wanaume wamekaa kwenye majamvi wanasoma khitma. Walijisogeza akapata pa kukaa. Jecha alikuwa akigawa juzuu, kila mtu moja, mkononi. Alimpa aliyekaa kulia kwa Mjaka, akampa aliyekaa kushoto. Mjaka mikono yake ilibaki wazi mapajani, na watu wakasoma mpaka mwisho, na yeye akawa anatikisika nao bila ya kitabu.

Baada ya Idi skuli ilifunguliwa. Mwalim Soud alimwita baada ya darasa.

"Pole na msiba. Mungu amrehemu." Alitandaza ramani mezani, ikiwa imerudi, na pembe moja imekunjika. Kando yake aliweka wembe. "Wiki ijayo inakwenda Unguja. Lakini kama ilivyo si sahihi tena. Hapa pana nyumba, na nyumba haipo. Kwangua taratibu, usitoboe karatasi."

Mjaka alikwangua. Kijumba kilikuwa kidogo kama ukucha wa mtoto. Kilitoka kwa dakika chache.

"Na mtoaji wa habari," alisema Mwalim, akionyesha mstari wa chini. "Ofisi ya serikali imeandika kwamba amesema uongo. Siwezi kupeleka Unguja kazi iliyosimama juu ya shahidi kama huyo. Ondoa. Na jedwali pia, safu ya aliyepanda na safu ya sababu. Ukimaliza nenda kwa Bwana Nassor ukazichukue upya. Nimeshamwambia, anakungoja."

Mjaka alisimama na wembe mkononi. "Mwalim, lakini yale yalikuwa kweli."

"Najua," alisema Mwalim Soud. "Kama si kweli asingeondoshwa. Fanya haraka, anakwenda kusali."

Bwana Nassor alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake ya mjini, juu ya zulia, na dele la kahawa mbele yake. Alimkaribisha Mjaka kwa furaha, akamkalisha karibu, akauliza habari za skuli, akasema kwamba msiba wa Bi Mwatima umemgusa, alikuwa mtu wa zamani yule. Mjaka alitandaza karatasi juu ya kibao, akafungua ile kalamu yenye kifuniko cha dhahabu, kwa kuwa hakuwa na nyengine.

"Nambari moja," alisema. "Nani aliyepanda, Bwana?"

"Marehemu baba yangu. Andika, Bwana Zahran bin Nassor."

Akaandika.

"Sababu?"

Bwana Nassor alifikiri, akitazama dari. "Sababu ya nini? Mtu apande mkarafuu kwa sababu gani? Andika, kwa ajili ya kuendeleza shamba."

Akaandika. Nambari mbili ikawa hivyo hivyo, na tatu. Kwenye nne Bwana Nassor alichoka, akasema mingine yote ajaze namna hiyo moja. Mjaka akateremka na safu, mstari baada ya mstari, mweusi kisha mwekundu, akaipita ya saba, akafika ya kumi na moja. Mwandiko wake haukutetereka. Pahala palipokwanguliwa karatasi ilikuwa laini kidogo, na wino ulienea.

"Sasa nisomee."

Akasoma.

"Na Kiingereza."

Akasoma na Kiingereza.

Bwana Nassor alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa. Kisha akamimina kahawa kikombeni, akamsogezea.

"Kunywa, mwanangu, inapoa," alisema, na Mjaka akanywa.